Daftari la Wakubwa

Mwaka 1966 nilikuwa kijana wa miaka 24, karani wa mishahara katika wizara moja iliyokuwa kwenye barabara ya ufukweni, ambayo wakati ule tuliiita Azania Front. Karani wa mishahara ni mtu mdogo ofisini, lakini anajua jambo ambalo wengi waliomzidi cheo hawalijui: nani anapata nini. Kila mwisho wa mwezi majina yote yalipita mikononi mwangu, kuanzia mfagiaji na tarishi waliokuwa kwenye kima cha chini, shilingi 150 kwa mwezi hapa Dar es Salaam, hadi Katibu Mkuu na Waziri. Hao wawili na wenzao wachache walikuwa na daftari lao la pekee, lililofungiwa kabatini kwa mhasibu. Nilikuwa naitwa kulijaza kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na mdomo wangu ulikuwa mzito.

Watu wanapobishana kuhusu haki katika malipo ya serikali, ya askari, ya raia na ya wanasiasa, huanza na kiasi: fulani anapata nyingi, fulani anapata kidogo. Mimi ile kazi ilinifundisha kutazama kwanza makato yanaanzia kwa nani, na malipo ya nani yanapangwa na nani. Nimeishi muda mrefu wa kutosha kuona serikali ya nchi moja ikitoa majibu tofauti kabisa kwa maswali hayo.

Nilikuwa nimeanza kazi mwishoni mwa 1963, na kabla sijakizoea kiti askari wakaasi. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 20 Januari 1964 nilitoka Magomeni kwenda kazini nikakuta njia zimezibwa na askari wa Tanganyika Rifles kutoka kambi ya Colito, ile ambayo leo inaitwa Lugalo. Walikuwa na madai mawili: maofisa wa Kiingereza waondoke, na mishahara ipande. Askari wa kawaida alikuwa akilipwa shilingi 105 kwa mwezi. Wao walitaka 260. Siku ile maduka yaliporwa, watu wakauawa, na sisi tukajifungia ndani milio ya risasi ikipita. Tarehe 25 askari wa Kiingereza walishuka alfajiri kutoka manowari ya Centaur, wakayamaliza maasi kwa muda mfupi sana.

Niliogopa kama wengine, na sikuwatetea waliopora na kuua. Lakini ile namba haikunitoka kichwani. Ni kweli kwamba askari alipewa chakula, sare na mahali pa kulala. Hata hivyo mtu aliyeapa kufa kwa ajili ya nchi alikuwa akipokea pungufu ya tarishi wetu aliyebeba mafaili kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Kama mtu angeketi mapema na kulipiga hesabu jambo hili, huenda bunduki zisingetoka ghalani.

Juma lile lile askari wa Jinja, Uganda, nao waligoma. Walimshika waziri Felix Onama, naye akakubali madai yao ya mshahara, na serikali ya Obote ikayatekeleza. Kwetu mambo yalikwenda vingine. Jeshi lililoasi lilivunjwa lote, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi, lililoundwa kwa vijana wa TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa. Naomba msomaji aishike tofauti hii ya Jinja na Colito, kwa sababu nitairudia.

Basi tuje kwenye Oktoba 1966. Serikali ilitoa pendekezo kwamba wasomi wanaomaliza Chuo Kikuu na vyuo vingine vya juu wapitie Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa miaka miwili. Miezi ya mwanzo wangekaa kambini wakijenga, wakilima na kufanya gwaride; miezi 18 iliyobaki wangefanya kazi walizosomea, lakini wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Vijana waliomaliza darasa la nane na wasio na shule walikuwa wamekwishaingia kambi za Mgulani na Ruvu kwa kujitolea, wakipewa pesa ya sabuni. Wasomi walisema masharti hayo ni makali mno kwao.

Tarehe 22 ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi tulifanya kazi hadi mchana. Tulisikia kelele tukaenda dirishani. Walikuwa wanafunzi karibu 400, wengi wa Chuo Kikuu, Mlimani, wengine wa udaktari na wa chuo cha ufundi, wakielekea Ikulu na mabango. Walivaa majoho yao ya chuo. Bango moja lilisema kwa Kiingereza kwamba enzi za ukoloni zilikuwa nafuu. Kando yangu alisimama mzee wa masijala aliyepigana Burma akiwa katika KAR, jeshi la wakoloni, ambaye alirudi na medali na malipo yasiyofika robo ya kile alichopewa Mzungu aliyemwamrisha. Aliwatazama mpaka wakapita wote, kisha akaniuliza: "Hawa ndio watakuja kutusimamia?"

Sikuwa bustanini Ikulu. Yaliyosemwa pale niliyapata kama wananchi wengine, kwenye redio na magazeti, na baadaye kwa watu waliokuwapo. Wanafunzi walisoma waraka wao mbele ya Mwalimu Nyerere na mawaziri. Ulikuwa waraka wa masharti: wasipopunguziwa, miili yao itakwenda kambini lakini roho zao hazitakwenda. Ndani yake walitia jambo moja ambalo mimi, mwenye daftari la wakubwa, nilijua ni la kweli. Walisema viongozi wanaishi kwa mishahara minono huku wakiwataka wengine wajitolee.

Mwalimu aliwajibu kwa hasira iliyojulikana nchi nzima jioni ile. Aliwaambia kwamba hatamlazimisha mtu ambaye roho yake haipo. Halafu akaligeukia lile la mishahara, na hapo hakuwakatalia hata kidogo. Alitaja mshahara wake mwenyewe hadharani: shilingi 5,000 kwa mwezi. Akasema mkulima anayepata shilingi 200 kwa mwaka itamchukua miaka 25 kupata anachopata rais kwa mwezi mmoja. Akasema mishahara hii ndiyo inayotujengea moyo huu, sisi na nyinyi. Pale pale akatangaza kwamba anajikata asilimia 20. Wanafunzi wakatolewa chini ya ulinzi wa polisi, wakarudishwa makwao. Zaidi ya 300 walifukuzwa chuo, na walio wengi hawakurudi hadi katikati ya mwaka uliofuata.

Habari hii imeandikwa mara nyingi kama habari ya wanafunzi waliofukuzwa. Mimi naikumbuka kwa upande wake mwingine, kwa sababu amri ilishuka mpaka mezani kwangu. Mhasibu alinifungulia kabati, akaniwekea lile daftari na karatasi ya viwango vipya. Nikapiga mstari kwa rula juu ya mshahara wa Waziri, nikaandika mdogo zaidi. Nikashuka kwa Katibu Mkuu, nikafanya vile vile. Nikashuka kwa maofisa wakubwa. Kisha nikafungua daftari letu la kawaida kutafuta makato ya akina sisi, na hayakuwapo. Tarishi alibaki na zake 150. Katika miaka yote niliyofanya kazi ya mishahara, kabla na baada, hiyo ndiyo mara pekee nilipoona makato yakianzia juu na kuishia kabla ya kutufikia.

Sitaki kuitia chumvi. Shilingi 4,000 alizobaki nazo rais zilikuwa bado zaidi ya mara 26 ya kima cha chini. Nyumba za Oysterbay waliendelea kuzikalia wale wale, na magari yaliwafuata asubuhi kama kawaida. Lakini mtu aliyeagiza wengine wafunge mkanda alikuwa ameufunga wake kwanza, na alifanya hivyo akiwa na uwezo wote wa kutofanya. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, kuwa na nyumba ya kupangisha. Watu wengi wanadhani Azimio lilitoka hewani. Mimi naamini kipande chake kikubwa kilitoka kwenye bustani ile Oktoba, katika lile shtaka la wanafunzi ambalo lilikuwa sahihi hata kama waliolitoa walikuwa wakitetea mifuko yao.

Mpango wenyewe uliendelea. Waliopitia JKT kwa mujibu wa sheria walianza kuletwa kwetu, vijana wenye shahada, wakiwa wamekondeana na viganja vimekakamaa. Kazi ya kuwakata ilikuwa yangu: mshahara wote upande wa kushoto, makato katikati, asilimia 40 upande wa kulia. Mmoja wao, mchumi, alikuja dirishani mwezi wa kwanza kuhakikisha kama sikukosea. Nilimwonyesha hesabu. Akauliza kama na wakubwa wamekatwa. Nikamwambia ndiyo, nami nimewakata kwa mkono wangu. Aliondoka bila neno, na hakurudi tena kuuliza. Binadamu anaweza kuvumilia mengi akijua kwamba aliyemwagiza naye yumo.

Sasa nirudi kwenye Jinja na Colito. Jeshi la Uganda, lililojifunza mwaka 1964 kwamba ukimshika waziri mshahara unapanda, lilizidi kubembelezwa mwaka hadi mwaka, na katika jeshi hilo ndimo alimopandia Idi Amin. Oktoba 1978 likavuka mpaka na kuingia Kagera. Serikali yetu haikuwa na askari wa kutosha, ikaita mgambo: wakulima, madereva, walimu, vijana wa vijijini waliofundishwa kwata jioni baada ya shamba. Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa akilima pamba Kilosa. Alipanda treni na wenzake, na barua yake ya kwanza ilitoka Bukoba.

Alivuka Mutukula Januari 1979, akapita Masaka, akawa Lukaya siku ile ya mapigano na Walibya, akaingia Kampala Aprili. Alirudi na kipande cha chuma kwenye paja, ambacho madaktari walimwambia kisipomsumbua kiachwe. Kijiji kilimpokea kwa ngoma. Mwalimu akatuambia taifa zima tufunge mkanda miezi 18 kulipia vita, na tulifunga, tukapanga foleni za sabuni, sukari na unga, na miezi hiyo 18 ikazaa miaka.

Hapo ndipo jambo la malipo lilipoingia nyumbani kwetu. Jirani yake mdogo wangu alikuwa mwajiriwa wa jeshi. Walikuwa handaki moja, walikula chakula kimoja, na kama mzinga ungewaangukia ungewaua pamoja. Jirani alipostaafu alipata kiinua mgongo na pensheni, kama ilivyostahili. Mdogo wangu alikuwa mgambo. Alirudisha bunduki, akarudishiwa jembe. Hakuwa na namba ya ajira, na mahali pasipo na namba ya ajira karani hana pa kuanzia kuandika. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa hiyo nilipojaribu kumsaidia kufuatilia nilikuwa najua jibu kabla ya kulisikia. Kile chuma kilianza kumsumbua akiwa na miaka hamsini na kitu. Matibabu tulichanga ndugu.

Sisemi hivi kumwonea wivu askari mwenye pensheni. Nasema kwamba taifa lilijua kumwita mgambo kwa saa chache, kwa redio na kwa mabalozi wa nyumba kumi, lakini halikuwa na njia ya kumtafuta baadaye. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, naangalia kwenye televisheni mkuki na ngao vikiwekwa mnarani, na nawakumbuka waliolala makaburi ya Kaboya. Nawakumbuka pia waliorudi hai wakafia vijijini bila faili.

Nilistaafu mwaka 1997 nikiwa na miaka 55. Wakati huo masharti ya uongozi ya Azimio yalikuwa yamekwishalegezwa Zanzibar, mwaka 1991, na JKT ya mujibu wa sheria ilikuwa imesimamishwa 1994. Miaka miwili baada ya mimi kuondoka Bunge likapitisha Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya viongozi wa kisiasa, ile ya 1999, ambayo iliweka pensheni za wakuu wa nchi na viinua mgongo vya wabunge. Sina ugomvi na rais mstaafu kutunzwa; nchi inayomwacha aliyeiongoza akose matibabu ni nchi isiyo na adabu. Mbunge naye ni mtumishi, na muhula ukiisha ana haki ya kuondoka na kitu. Ninachokihoji ni kwamba alikipanga yeye mwenyewe, kwa kura yake, kwa kazi ya miaka mitano, na akajipangia kwa mizani ambayo mwalimu wa miaka 35 hawezi hata kuisogelea.

Mwaka 2011 likaja suala la posho ya kikao. Ilipandishwa kutoka shilingi 70,000 kwa siku hadi 200,000. Nilikuwa na redio yangu barazani, nikachukua karatasi, maana mazoea hayafi. Pensheni ya kima cha chini wakati huo ilikuwa shilingi 50,000 na kitu kwa mwezi. Siku moja ya kukaa Bungeni, mbali na mshahara, ilikaribia kulingana na pensheni ya miezi minne ya mzee aliyetumikia serikali hadi nywele zikapukutika. Mbunge Zitto Kabwe alikataa kuipokea posho ya vikao, na wapo waliomcheka. Mimi nilimheshimu kwa hilo, kwa sababu nilikuwa nimewahi kuona mtu akianza na yeye mwenyewe. Pensheni ile ilipandishwa hadi laki moja mwaka 2015, na wazee wenzangu wengi hawakuishi kuiona.

Juni 2016 Waziri wa Fedha, Philip Mpango, alipendekeza kiinua mgongo cha wabunge kikatwe kodi kama mapato ya watu wengine. Sikumbuki bajeti nyingine iliyowaunganisha wabunge wa vyama vyote kwa ukali namna ile. Watu waliokuwa hawaamkiani walipata sauti moja.

Halafu kikaja kikokotoo. Mifuko ya hifadhi iliunganishwa mwaka 2018, na kanuni mpya zikasema mstaafu wa serikali aliyekuwa akipata nusu ya mafao yake kwa mkupuo sasa apate asilimia 25, iliyobaki apewe kidogo kidogo kila mwezi. Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito: mifuko ilikuwa na madeni, watu wanaishi zaidi, na fedha zikitoka kwa wingi mwanzoni hazitatosha mwishoni. Mimi ni mtu wa hesabu, nazielewa. Lakini waliokuwa wakikatwa walikuwa walimu, wauguzi, mabwana shamba. Kelele zilikuwa kubwa, Rais Magufuli akasimamisha kanuni hizo Desemba ya mwaka huo huo, na baadaye ikaletwa asilimia 33, kisha mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40. Binti yangu ni muuguzi, amebakiza miaka michache. Mkupuo ndio ambao angejengea nyumba, maana kwa mshahara wa kila mwezi hakuweza.

Nikiangalia nyuma naona kila kundi lilipata kulingana na kile lilichoshika. Askari wa 1964 walishika bunduki. Wanafunzi walishika elimu ambayo nchi iliihitaji mno, ndiyo maana walirudishwa chuoni. Wabunge wanashika kura. Mgambo alikuwa ameshika bunduki akairudisha, na mstaafu hana alichoshika isipokuwa kitambulisho na nafasi yake kwenye foleni ya benki. Mpango wa haki ungepaswa kumwangalia huyu wa mwisho kwanza, kwa sababu ndiye asiyeweza kumtisha mtu.

Mwaka jana mbunge wetu alifanya mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa shule ya msingi. Vijana walinisogezea kiti mbele, na maswali yalipofika nikaomba kipaza sauti. Nikamwambia: "Mheshimiwa, shikamoo yako nimeipokea, nami nakushukuru kwa darasa ulilotujengea. Nina swali moja. Binti yangu amewekwa kwenye kikokotoo cha asilimia 40. Je, wewe na wenzako mko tayari kupeleka muswada ili nanyi muingie kwenye mfuko huo huo, mchangie kwa asilimia hiyo hiyo, na mlipwe kwa kikokotoo hicho hicho?"

Watu walipiga makofi mengi. Yeye alingoja yaishe, akasema kwa heshima, "Mzee wangu, swali lako ni zuri, lakini sisi mafao yetu yako chini ya sheria nyingine kabisa."

Nikamjibu kwamba naijua, ni ya mwaka 1999, na kwamba nyumba inayoweza kuibadilisha ndiyo ile tuliyomtuma aende. Akasema atalifikisha. Katibu wake aliandika kitu kwenye kijitabu, na mama mmoja wa nyuma akapewa nafasi aulize kuhusu maji.

Bunge la bajeti likianza nitamwandikia barua, niiweke na lile swali kama nilivyolisema, na nakala niipeleke kwa diwani na kwa mtendaji wa kata. Mwandiko wangu bado unasomeka.